Gari la Pazi na Sifa za Fundi Hemedi

Siku kasha lile lilipofika Kilindoni kutoka Dar es Salaam, watu walilisindikiza hadi karakana ya fundi Hemedi kama wanaomsindikiza bwana harusi. Ulikuwa mwaka 1971, kisiwa cha Mafia kikijiandaa kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, na habari zilikuwa zimeenea kwamba ndani ya kasha mlikuwa na vifaa vya magari ya mashindano.

Vifaa hivyo vilikuwa vya Mzee Pazi, aliyekuwa dereva wa shamba kubwa la minazi kwa miaka mingi. Mwenye shamba alipofungasha virago baada ya Azimio la Arusha, alimwachia gari lake dogo la kifahari, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao iliyong'aa kama kioo. Pazi alilipenda kama mboni ya jicho lake. Tatizo lilikuwa Ussi, dereva wa Landrova ya ushirika, ambaye hakuacha kumtania kila alipolikuta gari hilo limekwama mchangani.

"Mzee Pazi, hicho ni kikombe cha chai. Kirudishe kabatini!"

Utani ulizaa ubishi, na ubishi ukazaa mashindano. Walikubaliana kwamba siku ya sikukuu watakimbia kutoka Baleni hadi Kilindoni, watu wote wakishuhudia. Ndipo Pazi alipomwomba mpwa wake aliyekuwa Dar es Salaam amtafutie vifaa.

Hemedi alikuwa fundi aliyeiva. Alichojulikana nacho zaidi ni kwamba hakumkabidhi mtu gari kabla ya kulijaribu mwenyewe. Kila gari aliliendesha hadi Baleni na kurudi, sikio limetegwa kwenye kila mlio, kisha akalala chali chini yake na kukagua upya alichokifunga. Watu walimcheka kwa uangalifu wake, naye akawaacha wacheke.

Kazi ilianza. Kwanza alifunga kabureta mbili mahali pa ile moja ya zamani. Alizisafisha, akazipima, akazirekebisha mpaka jasho likamtiririka. Alipowasha, injini ilinguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Watoto walitimka, wakubwa wakapiga makofi, na Pazi akamkumbatia fundi wake bila kujali grisi.

"Huyu si fundi tena," mtu mmoja alipaza sauti, "huyu ni daktari wa vyuma!"

Kuanzia hapo karakana haikukosa watazamaji. Bomba jipya la moshi lilipofungwa, walishangilia. Taa kubwa za mbele zilipowashwa mchana kweupe, walishangilia zaidi. Honi ya tarumbeta tatu ilipolia, wanawake waliokuwa wakisokota kamba za makumbi ya nazi kule pwani waliitikia kwa vigelegele. Bwana Shaabani, mwenyekiti wa ushirika, alikuja kujionea mwenyewe.

"Fundi Hemedi," alisema mbele ya watu, "tunataka kujenga karakana kubwa ya vijiji vya ujamaa. Gari hili likishinda, msimamizi wa karakana hiyo hatutamtafuta mbali."

Maneno hayo yalimvimbisha Hemedi kichwa. Akawa anafanya kazi uso ukiwaelekea watazamaji, mkono mmoja ukifunga nati na mwingine ukipokea pongezi. Matairi mapana yaliyokuja katika kasha aliyaacha hadi siku ya mwisho. Jioni ya kuamkia sikukuu aliinua gari kwa jeki, akayafunga huku akisimulia kabureta zilivyomtii, akalishusha, akajifuta mikono.

Mkewe, Mwanahalima, alikuwa amemletea chakula. Akina mama wa Kilindoni walikuwa wamemchagua akae garini karibu na Pazi wakati wa mashindano, akiwa amebeba bendera.

"Baba Time," aliuliza, "umelipeleka Baleni ukalijaribu?"

Watu walikuwa wakisikiliza. Hemedi akacheka.

"Mama Time, kazi ya Hemedi haijaribiwi. Inatazamwa!"

Kicheko kikapasuka pande zote. Mwanahalima hakucheka. Alikusanya vyombo vyake akaenda zake.

Kesho yake Baleni ilifurika watu. Filimbi ilipopigwa, Landrova ilitangulia, ikimtimulia mwenzake vumbi. Pazi hakubabaika. Alibadilisha gea, kabureta mbili zikavuta pumzi, na gari dogo likachomoka kama mshale. Matairi mapana yaliushika mchanga ambao zamani uliyameza yale membamba. Kwenye kona ya minazi alimpita Ussi, honi ikilia, na Mwanahalima akaitoa bendera dirishani huku akipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Kikombe cha chai kinakuaga!" Pazi alipiga kelele.

Hakuna aliyejua kwamba katika kila kona kali, tairi la mbele la kushoto lilikuwa likisugua mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta yake.

Mstari wa kumalizia ulikuwa Kilindoni, chini ya mteremko wa kuingia pwani. Umati ulikuwa umemwinua Hemedi mabegani. Gari lilipotokeza juu ya mteremko peke yake, Landrova ikiwa nyuma kabisa, shangwe zilitikisa mji. Lakini Hemedi, akiwa juu ya watu, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Gari lilikuwa linateremka bila kupunguza mwendo.

Ndani yake, Pazi alikuwa amekanyaga breki, nayo imezama hadi chini kama mguu kwenye tope.

"Shika kiti, mwanangu!" alimwambia Mwanahalima. Akabana honi bila kuiachia. Umati ukapasuka katikati, akina mama wakinyakua watoto. Pazi akaupinda usukani kwa nguvu zake zote, gari likakwepa jukwaa la wageni, likajitumbukiza katika rundo kubwa la makumbi ya nazi na kutulia.

Hemedi alikimbia asiione ardhi. Alifukua makumbi kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Mwanahalima alitoka akikohoa, mzima. Pazi alitoka ameushika mkono wake uliovunjika. Ussi, aliyekuwa amewasili, aliruka kutoka kwenye Landrova bila hata kuvuka mstari, akampakia mzee kumpeleka hospitali.

Hemedi alilala chini ya gari. Alipoinuka alikuwa ameshika kipande cha mpira kilichokatika.

"Tairi nililolifunga jana ndilo lililokata mpira huu," aliwaambia watu. "Ningezungusha usukani mara moja tu, ningeliona likiugusa. Nilikuwa nasikiliza makofi yenu. Kosa ni langu peke yangu."

Waliomwinua mabegani waliondoka mmoja mmoja. Mwanahalima hakuondoka. Alimshika mkono, akamwambia kwa upole, "Twende hospitali tukamtake radhi mzee."

Pazi aliwapokea mkono ukiwa umefungwa. "Gari utalitengeneza wewe, Hemedi," alisema, "ila safari ya kwanza utaendesha wewe, mimi nitangoja nyumbani." Wote wakacheka, macho ya Hemedi yakilengwa na machozi. Karakana ya ujamaa ilipojengwa, usimamizi alipewa fundi mwingine, na Hemedi akafanya kazi chini yake bila kinyongo. Vijana waliojifunza hapo walipomsifu alikuwa akiwakatiza, akiingia ndani ya gari na kuelekea Baleni kulijaribu. Ama kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.