Wageni Wanne wa Chui

— Nina kitu mkononi!
— Kilete tukione!
— Kikiwa cha moto?
— Tutakipuliza!
— Kikiwa cha kutisha?
— Tutashikana mikono!
— Basi shikaneni.

Hapo kale, juu ya Jabali la Kitongo, aliishi mnyama mdogo asiye na mkia. Wengine humwita wibari, wengine pelele, wengine pimbi, na wote hawajakosea. Hapa ataitwa pimbi. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Kidoko, kwa hiyo wenzake walimwita Mama Kidoko.

Chini ya jabali palikuwa na pango, na pangoni alikaa Chui. Si duma, yule mwenye michirizi ya machozi usoni. Chui hasa, mwenye madoa ya duara na kucha zinazojificha. Chui huyu alikuwa ameacha kuwinda. Kila nyumba ilimpelekea mtoto kwa zamu, la sivyo angekuja mwenyewe kuimaliza nyumba nzima. Aliyeleta alisimama mlangoni, akabisha hodi, akataja jina la aliyeletwa. Chui hakuinuka hata siku moja. Alijibu tu:

"Karibu, pita ndani!"

Paa akampeleka wake. Hodi! Karibu, pita ndani! Kacha, kacha, kacha. Kimya.

Kanga akampeleka wake. Hodi! Karibu, pita ndani! Kacha, kacha, kacha. Kimya.

Asubuhi moja Paa alipanda jabalini, macho yamemvimba.

"Mama Kidoko, zamu imefika kwako."

"Nimesikia, shoga."

"Mwoshe uso kwanza. Mimi wangu nilimpeleka na tongotongo zake. Mpaka leo linaniuma hilo."

Mama Kidoko akatia maji kwenye kifuu amwoshe mwanawe uso. Maji yote yakamwagika njiani, mikono ilivyokuwa ikitetemeka. Tumbo lake lilikuwa baridi kama jiwe la alfajiri. Magoti yalilegea. Moyo ulimpiga du! du! du! Akautafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe asiuone, akajigonga ukutani, puu!

"Mama," akauliza Kidoko, "nani anakutikisa? Mbona simwoni?"

Mama Kidoko akasimama.

"Umesemaje?"

"Nani anakutikisa?"

Mama akamshika mkono.

"Twende, mwanangu. Na hao wanaonitikisa tunakwenda nao."

Wakashuka, tipu tipu tipu, mpaka mlango wa pango. Harufu iliyotoka humo ilimfanya Mama Kidoko asahau alichotaka kusema.

"Hodi!"

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bwana Chui. Nimekuja na Kidoko."

"Karibu, pita ndani!"

"Hatukuja peke yetu, bwana. Nimefuatana na wengine kutoka nyumbani."

Chui akalamba midomo, mlap, mlap.

"Wengine? Nani na nani?"

"Yupo Hofu."

"Simjui. Mnene?"

"Nyumbani kwangu alijaza nyumba nzima."

"Karibu, Hofu, pita ndani!"

"Yupo na Woga, bwana."

"Huyo ana miguu mizuri?"

"Kazi yake ndiyo hiyo, miguu."

"Karibu, Woga, pita ndani!"

"Yupo na Jakamoyo. Huyu hupenda kifuani."

"Hata mimi napenda kidari! Karibu, Jakamoyo, pita ndani!"

"Wa mwisho ni Kiwewe."

"Majina gani haya, we mwanamke? Ni watu wanne au ni mtu mmoja unamrembaremba?"

"Ni ndugu, baba mmoja, mama mmoja. Asiyewajua husema ni mmoja. Aliyelala nao nyumba moja huwatofautisha."

"Basi karibu na Kiwewe! Piteni nyote, njaa inaniuma!"

Mama Kidoko akaingia na mwanawe. Chui akachungulia nyuma yao. Hapakuwa na mtu.

"Wako wapi?"

"Wameshapita, bwana. Umewakaribisha kwa kinywa chako, kila mmoja kwa jina lake."

"Unanichezea!" Chui akafumbua kinywa, na meno yakaonekana yote mpaka ya nyuma. Kidoko akaanza kutetemeka, masharubu, masikio, mwili mzima.

"Mtazame mtoto," akasema Mama Kidoko, na sauti yake yenyewe ilikuwa ikikatika. "Nani anamtikisa? Humu mna upepo?"

Chui akatazama. Hamkuwa na upepo. Mtoto alitikisika, na hakuna aliyemshika.

Chui akafumba kinywa.

"Wanafanyaje, hao?"

"Hofu hutangulia. Huingia tumboni. Tumbo huwa baridi."

Chui akajishika tumbo. Lilikuwa baridi.

"Woga hulegeza magoti."

Magoti ya Chui yakagongana, ko, ko, ko.

"Jakamoyo hupiga ngoma kifuani."

Du! du! du!

"Watoe!" akalia Chui. "Mama Kidoko, dada yangu, watoe!"

"Mgeni wako nimfukuze mimi? Umemwambia karibu wewe mwenye nyumba. Na bado Kiwewe. Huyo huingia kichwani, na akiingia, mtu haujui hata mlango wake."

Chui akaruka kuutafuta mlango. Puu! Ukuta. Puu! Ukuta mwingine. Alipoupata hakugeuka nyuma. Tangu siku hiyo hakai pangoni. Nyama yake huipandisha juu ya mti, akaila peke yake, na jani likitikisika huacha kutafuna akatazama chini. Ukimbishia hodi, haitikii.

Kidoko akauliza, "Mama, wamekwenda naye wote wanne?"

Mama Kidoko akaweka mkono kifuani. Du... du...

"Hofu amebaki. Mwache. Tutamkalisha juu ya mwamba atutazamie njia."

Na ndiyo maana mpaka leo, pimbi wakiota jua, mmoja wao halali.

Fundisho lake ni hili, wanangu: kitu kimoja kinatoshwa na jina moja. Msijisumbue kujifunza la pili, la tatu wala la nne, halimsaidii mtu. Na akibisha mtu hodi, mkaribisheni upesi bila kumuuliza maswali.

— Bado mmeshikana mikono?
— Tumeshikana!
— Basi achianeni. Mlango ule pale. Nani atatangulia kutoka?

Wakashikana tena.