Muhuri na Sahani ya Pilau

Mtu mmoja alikuwa na muhuri. Ulikuwa mdogo, wa duara, umeandikwa jina lake, Kihwele, na namba aliyopewa siku alipoapishwa kuwa mhandisi. Katika mji wao wa milimani jengo la watu wengi halikuruhusiwa kuinuka mpaka ramani yake iwe na alama ya muhuri ule. Na alama ile ilikuwa na maana moja tu: nimeshuka msingini, nimeona kwa macho yangu.

Na kweli alikuwa akishuka. Mafundi wakishachimba mtaro wa msingi, kabla zege halijamwagwa, Kihwele alivua viatu, akaingia, akachoma udongo kwa ncha ya nondo hatua kwa hatua, kwa sababu zege likishamwagwa hakuna tena wa kuona kilicho chini. Akikuta mahali panabonyea alisema, chimbeni tena. Sasa ijueni desturi ya mji ule: siku ya kumwaga zege ni sikukuu. Wanaume hupanga mstari wakipokezana karai, wanawake hupika, na hakuna anayebaki nyumbani. Neno lile la Kihwele likitoka, pilau huliwa kwa manung'uniko na watu hutawanyika mapema.

Kwa hiyo walimheshimu, lakini hawakumpenda. Walimwamkia, "Kamwene, Mhandisi," bila kupunguza mwendo. Msibani alipewa kiti, harusini alisahauliwa. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wawili wako mbali, naye alikula ugali wake karibu na redio aliyoiacha iseme tu, ili nyumba iwe na sauti ya pili. Upweke ulimla polepole, kama mchwa anavyokula mlango huku rangi ya nje bado ni nzuri.

Mwaka mmoja watu wa mji wakaamua kujenga ukumbi wao. Siku ya zege fundi mkuu, Mgaya, alikuja mwenyewe kumwita. Kihwele akachukua muhuri wake, akaenda upesi. Alipofika akakuta mtaro umekwisha kujaa zege. Asubuhi ile wingu lilikuwa limetanda, wakaogopa mvua, wakaanza bila yeye. Hakuna aliyemficha. Mgaya alimsogezea kiti cha mbele, akamwekea sahani ya pilau mkononi, mnofu juu, akasema, "Mhandisi, leo kaa na sisi. Hapa hapana neno, sisi wenyewe tumezaliwa hapa."

Watu wakamsogelea. Mama mmoja akamwuliza habari za wanawe, tena akawataja kwa majina. Ilikuwa miaka sita tangu mtu yeyote katika mji ule alipoyatamka majina yale mbele yake. Kihwele akautazama mtaro mara moja, zege bado bichi. Kisha akaweka sahani chini, akaifungua ramani, akagonga muhuri. Wapo wanaouza muhuri wao kwa fedha. Yeye aliuuza kwa kuulizwa habari za wanawe, na siwezi kumcheka.

Tangu siku ile akawa na watu. Waliketi naye barazani, wakamtania, wakamwita kaka. Lakini kila mvua iliponyesha moyo wake ulikwenda ukumbini. Alicheka pamoja nao huku akisikiliza kitu kingine, wala hakuwa na wa kumwambia, maana urafiki wote aliokuwa nao ulisimama juu ya msingi uleule. Ikawa redio, ambayo zamani ilimliwaza, sasa anaizima ili asikie kama kuna kilichoanguka.

Ukumbi ukaisha, ukapakwa chokaa. Harusi ya kwanza ndani yake ilikuwa ya binti wa Mgaya, na Kihwele akaketishwa meza ya mbele pamoja na wazee wa ukoo. Katikati ya vigelegele akaona ufa juu ya dirisha, kona ya kusini, walikokaa watoto wamebanana kwenye mkeka. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Plasta mbaya nayo hupasuka vile. Mtu aliyeshuka msingini angetazama na kujua; yeye alitazama na hakujua. Akawaangalia wale watu waliompa mahali pa kukaa, akawapenda sana, akasimama.

"Jamani, tokeni nje. Msingi huu mimi sikuuona."

Wakatoka. Harusi ilimalizikia uwanjani juani, bibi harusi akilia, na Mgaya alipita karibu naye bila kumtazama. Kesho yake wakachimba kandokando ya kona ile, wakakuta shimo la choo cha zamani lililofukiwa kwa majivu na takataka, na ukuta umekwisha kuanza kudidimia ndani yake. Wazee wote wa mji walilijua shimo lile. Siku ya zege kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kusema. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Hawakudhani tungejenga ukuta kwanza, juu ya choo, kwa nyimbo.

Kona ikabomolewa. Kihwele akaurudisha muhuri kwa wale waliompa, akawaeleza mwenyewe alichofanya, nao wakaupokea bila kumwambia kama atarudishiwa. Hakuna aliyekuja kumshukuru. Baraza lake likawa tupu tena, naye akarudi kwenye ugali wake na redio yake, na majina ya wanawe akayataja mwenyewe. Lakini mvua iliponyesha aliisikia kuwa ni mvua tu.

Basi nawauliza ninyi mlioketi hapa, ambao kila mmoja ana muhuri wake hata kama si wa mpira na wino: Kihwele alikuwa mpweke zaidi lini, alipokula peke yake nyumbani kwake, au alipokula na mji mzima juu ya shimo ambalo hakulitazama?