Picha Iliyosafishwa

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hii husikika sana matangani, na mara nyingi wanaoitamka ni watu waliokuja asubuhi na watakaorudi kwao kabla jua halijatua. Huisema, hutikisa kichwa, kisha huuliza chai iko wapi. Si kosa lao. Maana yake ni hiyo hiyo: maumivu ya mtoto humkaa aliyemzaa, na mwingine, hata awe mwema namna gani, huyaona kwa mbali tu. Yvonne binti Mutiso aliijua tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuiandikia insha, mwalimu akamsifu mbele ya darasa. Lakini maana yake hasa aliipata kanisani Kikima, mkono wake ukiwa juu ya kompyuta.

Mama yake, Kalekye, alikuwa akistaafu uenyekiti wa akina mama wa kanisa. Vijana walimwomba Yvonne, aliyekuwa likizoni kutoka chuoni, atengeneze slaidi za kuonyesha maisha ya mama huyo tangu ujana wake. Yvonne alikuwa hodari wa kompyuta na, ukweli usemwe, alijua kwamba ni hodari. Aliomba picha zote za zamani zilizokuwa nyumbani. Kalekye alimpa bahasha nzima, kisha akaenda chumbani akarudi na moja aliyokuwa akiiweka ndani ya Biblia.

"Hii usiiache," alisema. "Hata ukiacha zingine zote, hii iwe kubwa, watu waione vizuri."

Yvonne aliuliza ilikuwa ya lini. Mama akasema ni ya kabla Yvonne hajazaliwa. Alitaka kuongeza neno, lakini mdomo ulimwia mzito, akachukua panga akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Picha ile ilipigwa siku ya soko, Kalekye akiwa bado mke mchanga. Mgongoni alikuwa amembeba mwanawe wa kwanza, Musyimi, aliyepewa jina la babu yake. Mpiga picha alimwambia amgeuze mtoto ili uso uonekane. Kalekye alikataa, kwa kuwa mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala, na kumlaza Musyimi haikuwa kazi ndogo. Alisema watampiga nyingine akiamka. Masikini, baridi ya Julai katika milima ya Mbooni haikungoja. Kichomi kilimchukua yule mtoto kabla hajajifunza kusimama, na picha ya pili haikupigwa kamwe. Kilichobaki duniani cha Musyimi ni mguu mmoja mdogo uliochomoza kwenye leso ya kumbebea, chini ya kiwiko cha mama yake.

Miaka yote hiyo Kalekye aliutazama mguu ule kila alipomaliza kusali. Siku hizi macho yake yalikuwa yamefifia, akawa anauona kama doa. Aliposikia kwamba picha zitaonyeshwa ukutani, kubwa kama mlango, moyo ulimdunda kama wa msichana. Alitamani kuuona mguu wa mwanawe tena, mara moja tu, aridhike. Hakumwambia mtu. Aliona haya kwamba yeye, mwenyekiti mzima wa kuwafariji wengine, bado alimlilia mtoto aliyekufa zamani hivyo. Hata Yvonne alijua tu kwamba kulikuwa na kaka aliyetangulia. Jina lake halikutajwa nyumbani.

Sasa tazama Yvonne mezani, ameipiga picha ile kwa simu na kuiingiza kwenye slaidi. Nyuma ya mama yake palikuwa na kinu cha kusagia mahindi, mabati yenye kutu, na punda aliyeupa umma mgongo. Yvonne alicheka peke yake, akajiuliza punda huyu naye amealikwa na nani. Akabonyeza pale pa kuondoa mandhari ya nyuma. Kompyuta ikapaka rangi ya zambarau kila ilichodhani hakina kazi, na kufumba na kufumbua kinu, mabati na punda vikatoweka. Akabaki mama, na kando ya kiuno chake kitu fulani cha hudhurungi, kama kipande cha tambara. Yvonne hakukitazama mara mbili. Alikifuta, kisha akamweka mama yake mbele ya mbingu ya samawati na maua ya waridi.

Alimpenda mama yake, jambo hilo lisisahauliwe. Yote aliyafanya kwa mapenzi. Hata hakumwonyesha, kwa kuwa alitaka kumshtua kwa furaha.

Jumapili ilipofika, Kalekye alivaa kitenge kipya na kuketi safu ya mbele kabisa. Alikuwa ameazima miwani ya dada yake Kanini, aliyeketi ubavuni pake, na alikuwa ameishika kama yai. Mapazia yalifungwa, projekta ikawashwa, na ukuta mweupe nyuma ya mimbari ukaanza kuonyesha picha moja baada ya nyingine. Akina mama walipiga vigelegele na kutaniana kuhusu mitindo ya nywele ya enzi zao. Kisha ile picha iliyokaa ndani ya Biblia ikaja.

Kanisa zima lilipiga makofi. Kalekye alivaa miwani, akainama mbele. Akaivua, akaipangusa kwa pindo la leso, akaivaa tena. Macho yake yalipita ukutani kutoka upande mmoja hadi mwingine, yakarudi, yakapita tena.

"Yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kanini alicheka, akamwambia si ni yeye mwenyewe yule, amependeza hivyo.

"Si mimi ninayemtafuta," Kalekye alisema, kisha akaishusha miwani mapajani.

Yvonne, aliyekuwa nyuma penye projekta, aliona mabega ya mama yake yakishuka, asijue kulikoni. Ndipo baba yake, mzee Mutiso, akainuka kutoka upande wa wanaume, akaja taratibu na kuinama sikioni pa Yvonne.

"Kulikuwa na mguu pale kiunoni," alisema. "Umeupeleka wapi?"

"Mguu gani, baba?"

"Wa kaka yako. Hatuna picha yake nyingine."

Yvonne aligeukia kompyuta. Lile tambara! Alikuwa amemfuta kaka yake kwa kidole chake mwenyewe, tena akicheka. Kisha akakumbuka kwamba programu ile haitupi inachokata. Hukificha tu, na picha yaweza kurudishwa ilivyokuwa. Alitafuta mahali pa kubonyeza.

Mbingu na waridi vikatoweka ukutani. Kinu kikarudi, mabati yakarudi, na punda akarudi vile vile alivyokuwa amesimama, watu wakaangua kicheko. Chini ya kiwiko cha yule mke mchanga ukatokea mguu. Haukuonekana vizuri sana, na vidole havikuhesabika, lakini ulikuwa mguu wa mtoto aliyelala.

Kalekye aliinuka. Hakuuliza ruhusa kwa mtu. Alitembea hadi ukutani na kunyosha mkono ili auguse ule mguu, lakini alipokaribia, kivuli chake mwenyewe kiliufunika. Akapapasa ukuta mtupu. Akapapasa tena, huku na huku, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kicheko kilikoma, kwa sababu watu wote waliokuwa nyuma yake walikuwa wakiona kile ambacho yeye hakukiona. Picha sasa ilikuwa imemwangukia yeye, na mguu ulikuwa umetua kwenye kitenge chake, mgongoni, karibu na pale pale ulipokuwa siku ya soko.

"Mama Musyimi," Mutiso aliita. Jina hilo hakuna aliyekuwa amemwita tangu mazishi. "Simama hapo hapo. Yuko mgongoni."

Kalekye alisimama. Hakugeuka. Aliinama kidogo, kama mama anayemweka mtoto sawa, akapeleka mikono yake miwili nyuma na kuifumbata, akaanza kujisukasuka taratibu, kushoto na kulia, ili mtoto asiamke.

Watu wengi walilia. Kanini alilia, mchungaji alilia, na Yvonne alilia kuliko walivyolia hao wote. Lakini waliojua uzito wa mguu ule walikuwa wawili tu mle kanisani, mmoja ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mwingine akibembeleza. Uchungu wa mwana, jamani, aujuaye ni mzazi.