Viatu Vyeupe vya Matroni

Wahenga hawakupoteza pumzi yao bure waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda chaweza kutandikwa shuka jeupe, likanyooshwa hata lisibaki na kunyanzi, na mpita njia akakisifu akaenda zake. Anayekesha akijikuna ni yule aliyelala. Matroni aliijua methali hiyo tangu utotoni. Tatizo lake ni kwamba aliamini kitanda hicho alikwisha kukilalia.

Na kweli alikuwa amekilalia, zamani. Kabla ya kupandishwa cheo alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kama wenzake. Alisukuma troli, aligeuza wagonjwa, alisimama kutwa. Ila miguu ni misahaulifu kuliko kichwa. Miaka michache ya kuketi ofisini ilitosha kuifuta habari yote.

Asubuhi moja muuza viatu alimletea maboksi mawili. Hospitali ilikuwa imekubali kuwanunulia wauguzi wote viatu vya kazi, na uchaguzi ukaachwa mikononi mwa Matroni. Jozi ya kwanza ilikuwa ya kijivu, laini, pana mbele kama mdomo wa bata. Jozi ya pili ilikuwa nyeupe pe, ya ngozi ngumu inayong'aa, nyembamba mbele, yenye kisigino kifupi. Matroni alivaa vile vyeupe akiwa ameketi. Akasimama, akatembea kutoka mezani hadi mlangoni, akarudi, akaketi. Vilimkaa sawasawa.

"Hivi," alisema. "Muuguzi akipita na hivi, mgonjwa anapona nusu kabla ya dawa."

Mlangoni alikuwa amesimama muuguzi waliyempachika jina la Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimwa.

"Samahani, Matroni. Tuviazime wodini kwanza. Mtu avivae zamu nzima, halafu tumuulize. Mguu wa asubuhi na mguu wa jioni si ndugu."

"Mimi nimeanza kazi hii wewe hujui hata kufunga kamba za viatu. Unanifundisha miguu?"

"Sikufundishi, Matroni. Nakukumbusha."

"Nenda ukamkumbushe mgonjwa wako dawa zake."

Viatu vyeupe vikaja. Siku ya kwanza ukumbi wa hospitali uling'aa, na mkurugenzi alimpa Matroni mkono wa pongezi. Ko! ko! ko! zililia soli sakafuni, mpaka mzee mmoja aliyelazwa akasema, "Nilidhani nimeletwa hospitali, kumbe kambi ya jeshi!"

Lakini adhuhuri ilipopita, miguu ilianza kuvimba, na ngozi ile ngumu haikujua kupanuka. Wauguzi wakaanza kuibia dakika katika stoo ya mashuka. Walijifungia humo, wakavua, wakakaa juu ya mafurushi wakikanda vidole na kutumbua malengelenge. Siku Matroni alipoufungua mlango huo na kuwakuta peku, alipandwa na hasira kama sufuria la maziwa motoni. Akatoa amri: atakayevua viatu ndani ya zamu, aende nyumbani navyo.

Manung'uniko yakawa mengi, ikabidi aitishe mkutano. Kila aliyesimama alilalamika, Redio akiwa wa kwanza na wa mwisho. Matroni alipoona maji yanazidi unga, alimgeukia muuguzi mkongwe kuliko wote katika wodi ya upasuaji. Huyo alikuwa dada yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo. Nyumbani alimwita mdogo wake Kitinda mimba, lakini kazini alimwita Matroni kwa heshima zote. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, akakibeba kimyakimya.

"Haya, na wewe vinakubana?" Matroni aliuliza mbele ya watu.

Dada aliwatazama wenzake, kisha akamtazama mdogo wake. Alijua neno lake moja lingeweza kuwasha moto.

"Havinibani," alisema. "Tuvivae, tufanye kazi."

Mkutano ukavunjika. Redio alitoka akitafuna midomo.

Siku zilipita. Asubuhi moja mlango wa ofisi ulisukumwa bila kubishwa hodi.

"Matroni, njoo umwone dada yako," alisema Redio. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

Walimkuta katika stoo ya mashuka, ameegemea rafu, jasho likimtiririka na meno yakigongana kwa homa. Viatu vyeupe vilikuwa miguuni, kamba zimefungwa barabara.

"Tumemwomba avue, hataki," Redio alisema. "Anasema amri ni amri."

Matroni alipiga magoti. Kiatu cha kushoto kiligoma kutoka, akakivuta taratibu. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Alipoilowesha na kuibandua, ilipanda harufu ambayo kila muuguzi wa upasuaji anaijua na hakuna anayetaka kuinusa kwa mtu wake. Kidole kidogo cha mguu kilikuwa cheusi kama mkaa, na cha pili yake kilikuwa njiani.

"Dada! Ulisema havikubani!"

"Na havikunibana. Mguu huu hausikii kitu tena. Ukiuchoma moto, nitajua kwa harufu."

"Lakini si wewe unayewafundisha wagonjwa wakague miguu yao kila jioni?"

"Nilikagua. Niliona lengelenge, nikalifunga bandeji."

"Kwa nini basi hukuvua hivi viatu, jamani?"

Dada alifumba macho. "Dada wa Matroni akivua, nani atavaa? Wangesema amri yako haifiki hata nyumbani kwako. Sikutaka wakucheke, Kitinda mimba."

Matroni alimshika mabega, akapaza sauti kuita machela.

Mchana ule daktari alikata vidole viwili. Mguu wenyewe, alisema, utapona, ila kusimama kutwa wodini ndiyo basi tena. Kazi aliyoipenda kuliko usingizi ilikatwa pamoja na vidole.

Kesho yake wodi ilikuwa na pengo. Matroni hakumtuma mtu. Alivaa viatu vyeupe, akashika zamu ya dada yake. Asubuhi vilimkaa kama siku ile ofisini. Baada ya kusafisha vidonda na kubadilisha matandiko, visigino vilianza kuwasha. Adhuhuri waliletwa wagonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Huyu anatapika, yule anaita maji, wa pembeni dripu imemvimbisha mkono. Kila alipodhani ataketi, palikuwa na jina lake hewani. Jioni vidole vyake vilikuwa vikiwaka kama makaa, na alishtuka kujiona amefika kwenye stoo ya mashuka, mkono juu ya kitasa.

Aliukumbuka mdomo wake mwenyewe ukitoa amri. Akauondoa mkono, akabaki amesimama. Redio alipita na troli, akamwona, akaelewa yote. Kwa mara ya kwanza Redio ilikuwa imezimika, na ukimya ule ulimchoma Matroni kuliko viatu.

Alikwenda kwa mkurugenzi akaungama kosa lake bila kuzungusha maneno. Kisha muuza viatu akaitwa upya, si asubuhi, bali jioni, zamu inapotoka. Wauguzi walijaribu viatu ukumbini wakiwa wamesimama, na soksi za kazi, na miguu yao iliyovimba. Kila mmoja alijichagulia. Vile vya kijivu ndivyo vilivyoshinda.

"Mdomo wa bata huu, Matroni," Redio alimchokoza.

"Uliwahi kumsikia bata akilalamikia miguu?" Matroni alijibu, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jozi moja aliipeleka kitandani kwa dada yake. Dada alikivaa cha kulia, akakibonyeza kwa vidole.

"Hiki kimenikaa." Kisha akakiinua cha kushoto, akakilinganisha na bandeji. "Na hiki sasa kina nafasi ya kutosha."

"Nisamehe, Dada. Nilidhani najua."

"Nilikulea ujue kuamuru, nikasahau kukulea ujue kusikiliza. Halafu nikanyamaza penye kusema. Kosa letu wote wawili." Alikipakata kile kiatu cha kushoto kama mtoto. "Viache hapa. Nitajifunza navyo kutembea."

Matroni aliketi ukingoni mwa kitanda, akauweka ule mguu uliofungwa juu ya mapaja yake, akaushika mpaka dada yake alipopitiwa na usingizi. Hata aliyewahi kulala kitandani, akiondoka, kunguni huzaana nyuma yake. Basi asiyelala humo sasa asiwasemee wanaolala. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.