Bibi Damari na Benchi la Mlangoni

Wametusimulia wazee waliotutangulia katika imani, nao walisimuliwa na waliokuwapo, kwamba katika mtaa wa Kwemlasi, huko barani, mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka pwani, alikuwapo mja mwema aliyeitwa Bibi Damari. Alifika pale akiwa msichana, pamoja na watu waliokombolewa katika misafara ya watumwa wakakabidhiwa kwa wamisionari. Kwao hakukujua tena. Alikumbuka mto, akakumbuka mgongo wa mama yake aliyeinama akisaga nafaka, na namna alivyoimba akisaga. Maneno ya lugha ya kwao yalikuwa yamemtoka yote, isipokuwa sauti ya ule wimbo.

Kabla sijaendelea, nikiri jambo moja. Mimi ninayewasimulia ni mtu wa kinanda na sauti nne. Ngoma kanisani zinanisumbua, na vipaza sauti vya siku hizi vinanitoa nje kabisa. Msidhani basi kwamba nimeleta kisa hiki ili niwapige watu wa upande fulani. Kinanipiga mimi kwanza.

Sasa, Bibi Damari alikuwa na desturi moja katika kuimba. Beti ilipokwisha, watu wote wakanyamaza wavute pumzi, yeye hakunyamaza. Aliishika sauti ya mwisho akaivuta peke yake. Ikashuka taratibu, ikapanda kidogo, ikashuka tena mpaka ikaisha. Hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Wenzake waliita jambo hilo mkia wa Bibi Damari, na walimtania sana.

"Bibi, leo mkia wako umefika mpaka kisimani!" humwambia wakitoka ibadani.

"Basi ungeniletea maji," hujibu, nao hucheka pamoja naye.

Akaja Mwalimu Onesforo. Huyu alitoka chuoni pwani, na nyuma yake wapagazi wanne wamebeba kinanda, kile cha kukanyaga kwa miguu kipate upepo. Tusimsingizie mtu wa Mungu: alikuwa mcha Mungu kwelikweli. Alifunga, alisali, aliwaosha wenye ukoma vidonda vyao kwa mikono yake, na hakumdhulumu mtu. Ila aliamini kwa moyo wake wote kwamba Mwenyezi Mungu, aliyeziweka nyota kila moja mahali pake, hapendezwi na wimbo usio na mpango. Akawafundisha watu wa Kwemlasi sauti nne, wakulima wale waliotoka shambani na matope miguuni, na baada ya mwaka mmoja waliimba hata wasafiri wakasimama njiani kuwasikiliza. Kila beti ikaisha vizuri, pamoja, kama mlango unaofungwa. Kisha ukaja mkia.

Mwalimu alivumilia. Siku moja, katika mazoezi, aliuandika mkia ule ubaoni kwa herufi za do re mi, tangu mwanzo hadi mwisho wake, ili awaonyeshe wanakwaya mahali hasa unapoharibu. Wanakwaya wakacheka. Akaufuta kwa kitambaa. Jioni yake akaenda kwa Bibi Damari, akamkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu wangu. Karibu kigoda."

"Sikai, Bibi. Nimekuja kwa jambo la ibada. Sauti yako inawapoteza wenzako. Mola husikia hata ya moyoni. Kuanzia Jumapili, nakuomba uimbe moyoni tu."

Bibi Damari akaweka ungo chini. "Nimemkosea Mungu, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa na haraka, kwaya inamsubiri. Akasema, "Kuharibu ibada ni kosa, Bibi, hata kama mtu hakukusudia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuambia."

"Nimesikia, baba," akasema, na akainama kwa taadhima.

Hapa ni lazima mjue desturi ya Kwemlasi, maana msipoijua hamtaelewa. Katika mtaa ule, Mkristo aliyeanguka dhambini aliwekwa nyuma. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, hakuimba, na ilipofika saa ya Meza ya Bwana alitoka nje akasimama uani. Mwenzake hakumwuliza kosa lake, kwa kuwa kuuliza kulihesabiwa utovu wa adabu. Toba yake ilipokubaliwa, yule aliyemweka nyuma alisimama mbele ya watu wote akamwita kwa jina lake, naye akarudi mahali pake. Asipoitwa hakurudi. Na akifa kabla ya kuitwa, alizikwa bila kengele wala wimbo, nje ya ua wa makaburi.

Bibi Damari aliambiwa amekosa, aliambiwa asiimbe, na aliambiwa asubiri neno la Mwalimu. Angeelewaje, maskini, zaidi ya vile alivyoelewa? Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe akaketi kwenye benchi la mlangoni.

Mwalimu hakujua. Kinanda kilielekea ukutani, karibu na madhabahu, na mpigaji aliwapa watu mgongo tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho. Aliona tu kwamba mkia umekatika, akamshukuru Mungu kwa utii wa yule mama. Akimwona mlangoni wakati wa kutoka, alidhani uzee unataka hewa. Watu nao walinong'ona: pengine amekwenda kwa mganga, pengine ni mambo ya zamani. Hakuna aliyeuliza. Mzee wa kanisa aliyekuwapo akafariki, akachaguliwa Mzee Nikodemo kutoka mtaa mwingine, naye alimkuta Bibi Damari kwenye benchi kama alivyokuta paa na nguzo.

Ikapita miaka tisa. Kasisi alikuja mara mbili kila mwaka kuwalisha watu Meza ya Bwana, na mara zote hizo Bibi Damari alitoka nje, akasimama ukutani juani, akasikiliza kinanda kupitia dirishani. Utani ulikwisha. Watoto waliozaliwa katika miaka hiyo hawakumjua kuwa mtu wa mzaha; walimjua kuwa mwenye dhambi. Mara moja tu alimwendea Mwalimu, akamkuta ananakili nyimbo mpya kwa ajili ya Pasaka.

"Mwalimu wangu," akasema, "nimekuja kukuomba unikumbuke."

"Nakukumbuka, Bibi, kila siku katika sala zangu," akajibu bila kuinua kalamu. Na ilikuwa kweli, alimwombea. Bibi Damari akashukuru, akarudi nyumbani kwake kungoja.

Mwaka wa tisa panya walitoboa mfuko wa upepo wa kinanda, na Mwalimu akasafiri kwenda pwani kutafuta ngozi laini ya kuutengenezea. Alikaa huko majuma matatu. Aliporudi, na ngozi ameikunja begani, alipita njia ya makaburini akaona tuta jipya nje ya ua, halina msalaba. Akaingia mtaani na kumkuta Mzee Nikodemo mbele ya kanisa.

"Mmemzika nani kule nje, Mzee?"

"Bibi Damari. Homa ilimchukua siku tano tu."

"Bibi Damari? Mbona nje ya ua?"

"Alikufa akiwa nyuma, Mwalimu. Tungefanyaje? Hatukupiga kengele wala hatukuimba. Tulisali kimya, tukarudi."

Mwalimu akauliza, na wanasema sauti yake ilikuwa ndogo: "Nani alimweka nyuma?"

Mzee Nikodemo akamtazama kwa mshangao. "Si wewe? Mimi nilimkuta huko. Kila Jumapili saa ya kuwaita waliotubu ikifika, alikuwa akiutazama mgongo wako. Tulijua sote kwamba ni wewe."

Ngozi ikamtoka begani, naye hakuiokota. Akaenda nyumbani kwa marehemu, akamkuta Yunisi, jirani aliyemuuguza, anafagia ua. Akamwuliza kama marehemu aliacha neno lolote.

Yunisi akauegemeza ufagio ukutani. "Aliacha, Mwalimu. Ni neno lako. Alisema, 'Mwambieni Mwalimu nimejitahidi. Miaka yote hii, haijanitoka hata mara moja.' Nikamwuliza nini hakijamtoka. Akasema wewe utajua." Kisha akaongeza, "Halafu alitaka kuimba. Nilimwambia, imba Bibi, hapa si kanisani. Akasema, 'Bado hajaniita.' Akafa hivyo."

Mwalimu Onesforo aliketi pale uani juu ya kigoda ambacho miaka tisa iliyopita alikikataa, akalia kwa sauti.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wake. Mwezi uliofuata kasisi alikuwa anakuja, na katika ujio huo Mwalimu angewekewa mikono kuwa shemasi, jambo aliloliombea tangu ujana. Mzee Nikodemo, kwa kumpenda, alimshauri anyamaze.

"Marehemu yuko mikononi mwa Mungu, naye anajua yote," alisema. "Ukilitangaza, watapoteza imani kwako. Tutamwombea faraghani, wewe na mimi. Hakuna aliyekusudia."

"Sikukusudia," akasema Mwalimu. "Lakini watoto wa mtaa huu wanamwita mwenye dhambi. Nikinyamaza sasa, hilo nitakuwa nimelikusudia."

Jumapili ilipofika, hakukigusa kinanda. Saa ya kuwaita waliotubu alisimama mbele, akawaelekea watu, akawaeleza habari yote bila kujitetea: ungo wa mtama, haraka yake, neno "kosa" alilolitamka, kalamu ambayo hakuiinua. Wanawake waliomwepuka Bibi Damari kisimani wakaanza kujifunika nyuso kwa kanga zao. Alipomaliza, akalitazama benchi la mlangoni, ambalo siku ile halikuwa na mtu, akaita kama desturi inavyotaka:

"Damari, rudi mahali pako."

Watu wakangoja, kwa mazoea ya kungoja mtu anyanyuke. Wengine waligeuka kabisa kutazama nyuma. Hakuna aliyenyanyuka, na ndipo kanisa zima likalia.

Kisha wakatoka, wakaenda makaburini na kengele ikipigwa. Hawakumfukua. Waling'oa miti ya ua upande ule, wakaisogeza mbele mpaka kaburi likawa ndani, na hadi leo wanasema ua wa makaburi ya Kwemlasi una kona inayotokeza pasipo sababu ya kuonekana. Wakaimba wimbo wa maziko kwa sauti nne, vizuri kama walivyofundishwa. Beti ikaisha. Wakanyamaza, na katika ule ukimya kila mmoja akajua kinachokosekana. Mama mmoja alijaribu kuvuta ile sauti, akashindwa katikati. Mwingine akajaribu, ikawa sauti nyingine. Katika miaka ile tisa sauti hiyo ilikuwa imewatoka.

Ni mtu mmoja tu aliyeijua yote, kila kupanda na kila kushuka, kwa kuwa aliisikiliza kuliko wote alipokuwa akitafuta kosa lake. Mwalimu Onesforo akapiga magoti kwenye udongo ule mpya akauimba mkia wa Bibi Damari, peke yake, mpaka mwisho. Sauti yake haikuwa nzuri siku hiyo.

Kasisi alipokuja, Mwalimu hakuwekewa mikono. Yeye mwenyewe aliomba isiwe. Alikaa kwenye benchi la mlangoni mwaka mzima, hadi kasisi alipomwita kwa jina. Aliporudi kwenye kinanda, jambo la kwanza alilofanya ni kukigeuza kiwaelekee watu. Alijaribu kuifundisha kwaya ile sauti ya Bibi Damari. Walijifunza upesi, ikatoka safi kabisa, nayo haikuwa yenyewe. Akawaambia waiache. Badala yake akawataka, kila beti ikiisha, wanyamaze kwa kadiri mkia ule ulivyokuwa ukidumu, kisha ndipo waendelee. Wageni wakisali pale hudhani mpiga kinanda amesahau beti inayofuata.

Wapendwa, leo tunagombana kanisani kwa gitaa na ngoma, kwa nyimbo za vitabu na nyimbo za mapambio, na kila mmoja ana hakika kwamba Mungu anapenda anachopenda yeye. Mimi pia, nimeshawaambia. Sijui kama mbinguni wanaimba kwa sauti nne. Ninachojua ni kwamba pale Kwemlasi ibada ilikuwa nzuri sana miaka tisa, na muda wote huo mja wa Mungu alikuwa nje, juani, amesimama ukutani, anangoja kuitwa. Mola amrehemu Bibi Damari, amrehemu na Mwalimu. Nasi Jumapili ijayo, kabla wimbo haujaanza, tugeuke kwanza tutazame nani ameketi mlangoni.