Majina Mawili ya Fundi Komba

Ukitaja cha kuacha, taja na cha kuchunga.

Methali hii ilianza hivi, wanangu, na ninyi mnaopenda kuagizana kwa neno moja moja sikilizeni vizuri.

Huko Mbinga chama kimoja cha wakulima wa kahawa kiliweka hati za mashamba kwenye kompyuta, katika ile minyororo ya kumbukumbu ambayo jambo likishaandikwa halifutiki. Vijiji vilikuwa vitatu, Litembo, Maguu na Mapera, kila kimoja na mnyororo wake. Programu iliichunga yote. Shamba likitaka kubadilishwa jina, kengele ililia na mwenyewe akaitwa ofisini kwanza.

Siku moja fundi wa programu hiyo, Komba, aliitwa hospitali kwa mkewe. Akamwachia Tasiana, karani mgeni, karatasi: “Washa programu upya. Litembo, Maguu.” Alitaka minyororo hiyo miwili iachwe, maana ilikuwa kwenye matengenezo na ingepiga kengele za bure. Lakini Tasiana alikulia kwenye mizani ya kahawa, ambako majina yakibandikwa ubaoni ni ya wanaohudumiwa, na asiyeandikwa hurudi nyumbani. Alipiga simu mara mbili, haikupokelewa, akaona haya kumsumbua mtu mwenye mgonjwa. Akaandika amri: chunga Litembo na Maguu. Mapera ikabaki bila jicho.

Wiki hiyohiyo shemeji wa Mama Osmunda, mjane wa kijijini Mapera, akachukua simu ya marehemu mume wa mama huyo, iliyokuwa bado ndiyo ufunguo wa hati na namba yake ya siri aliijua, akaliandikisha shamba kwa jina lake. Kengele haikulia. Mama wa watu alijua alipokuta wachumaji wageni kwenye mibuni yake.

Kikaoni mwenyekiti akataka Tasiana afukuzwe. Mama Osmunda akaomba kusema.

“Binti, ulipoona majina mawili ulifikiri nini?”

“Nilifikiri ndiyo ya kuchungwa, mama. Kama pale mizani.”

“Na wewe, baba?”

“Nilijua ataelewa ni ya kuachwa,” Komba akajibu chini chini.

“Ukitaja cha kuacha, baba, taja na cha kuchunga. Huyu msimfukuze, mnaniongezea mzigo.”

Shamba lilirudi, kwa mashahidi na hati mpya, lakini kahawa ya msimu ule ilikwisha kuchumwa na mwingine.

Kwa hiyo kesho nikiwaachia mdogo wenu mgonjwa, nikasema dawa hii asipewe, msinyamaze. Niulizeni ipi apewe. Ukitaja cha kuacha, taja na cha kuchunga.