Bustani ya Siku Mbili

"Mama, mnunuzi haangalii mizizi, anaangalia maua." Ndivyo alivyoniambia mjomba wenu Shekuwe asubuhi hii, mbele ya mkewe. Nyumba anaiuza. Nyie sogeeni. Paukwa!

Mbona wakubwa mmenyamaza? Paukwa!

Pakawa!

Basi hapo kale, wanyama wakiuziana nyumba, palikuwa na Nungunungu na mkewe. Shimo lao zuri, kavu, vyumba vitatu. Lakini mama yake Nungunungu yuko ng'ambo ya mto, mgonjwa, hana wa kumtekea maji. Nungunungu akasema, "Tuuze, tuhamie kwa mama. Masika yakija mto utajaa, hatuvuki."

Bi Ngiri, mjane mwenye watoto wanne, akaleta salamu: "Kesho naja kuiona."

Nungunungu akatazama uani. Patupu. Udongo tu. Akabeba panga, akaenda porini. Kwa! kwa! kwa! Akakata mipapai, akakata mipera, akakata maua. Akachomeka uani, chwi! chwi! chwi! Bustani ikasimama.

Mkewe akasema, "Baba Tindo, bustani gani hii haina mizizi?"

"Mnunuzi haangalii mizizi, anaangalia maua."

"Na jua je?"

"Anakuja kesho, anaondoka kesho. Jua litamkuta wapi?"

Bi Ngiri akaja. Akaona, akapenda. Lakini mgeni haagwi mlangoni. Akapikiwa, akala, akalala. Siku ya pili akala, akalala. Nungunungu anaimwagia mipapai maji, chubwi, chubwi. Majani yanainama tu.

"Shemeji, mbona mipapai inasinzia?"

"Jua, shemeji. Jua kali."

Siku ya tatu Bi Ngiri akaamka na adabu zake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Liko wapi?"

"Aa, pumzika, shemeji!"

"Nikae, nimekuwa gogo?"

Akapiga magoti, akachimba kwa pua, ngiri ndivyo walivyo. Pu! Mpapai ukalala. Pu! Mpera ukalala. Akauinua. Chini umekatwa na panga.

Hakupiga kelele. Akaulaza taratibu, kama analaza mtoto. Akachota udongo, akaunusa.

"Udongo wako mzuri, shemeji. Huu mtupu ningeununua, nilime na wanangu. Lakini uani pamenidanganya. Huko ndani niamini nini?"

Akaaga. Akaenda zake, tuku tuku tuku, mkia juu.

Mvua ikaja. Mto ukajaa. Nungunungu akasimama ukingoni, anatazama moshi wa mama yake ng'ambo. Moshi mdogo. Mkewe akamfuata na jembe. "Haya, baba Tindo. Tupande." Wakapanda maboga, mbegu ndani ya udongo.

Basi wanangu, kitu chako kikiwa kitupu, kionyeshe kitupu. Ukidanganya, ihesabu na siku ya tatu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Wewe Mwanaharusi, mjomba wako yuko uani anachomeka maua. Mpelekee jembe lile. Umwambie na ya Bi Ngiri, yote, usiruke hata neno.